SHOKA LA KAZI NYINGI: JINSI YA KULIPIMA KABLA YA KULINUNUA

Ndugu mkulima, siku hizi huuzwa mijini, na hata magulioni, shoka dogo la mkono lenye kusifiwa sana. Wauzaji huliita shoka la uokozi, na wengine huliita kwa jina lake la kigeni, tomahoki. Upande mmoja lina makali ya kukatia. Upande wa pili lina mwiba mrefu au kichwa cha nyundo. Na mwisho wa mpini, chuma chake kimebapishwa kama ncha ya mtaimbo ili kubanulia. Mengine yana matundu ya kufungulia nati, na wembe uliofichwa wa kukatia mikanda. Muuzaji atakuambia ya kuwa chombo hiki kimoja chatosha kwa kuni, kwa ujenzi, na kwa kumwokoa mtu siku ya ajali.

Jambo hili la mwisho ndilo linalotupasa kulipima kwa uangalifu zaidi. Shoka baya la kuni hukupotezea asubuhi moja tu. Lakini siku gogo limemlalia jirani yako, au ukuta wa udongo umeangukia watoto wakati wa masika, huna nafasi ya kurudi dukani kubadilisha chombo. Kwa hiyo yafaa ujue mapema chombo ulicho nacho chaweza nini, na hakiwezi nini.

ASILI YAKE

Neno lenyewe latoka kwa wenyeji wa Virginia, katika Marekani ya Kaskazini, waliosema lugha za jamii ya Algonkini. Katika karne ya 17 wafanya biashara wa Ulaya waliwaletea vichwa vya chuma, na umbo la vichwa vile lastahili kutazamwa. Tundu lake lilikuwa pana kidogo upande wa juu na jembamba upande wa chini, na mpini ulipitishwa kutoka juu, ukashuka mpaka ukakaza wenyewe. Mkulima wa huku hahitaji kuelezwa zaidi, maana jembe lake la tundu hutiwa mpini vivyo hivyo, na sururu pia. Kila ukilitupa shoka la namna hii, kichwa hukimbilia sehemu nene ya mpini na kuzidi kukaza. Mpini ukivunjika, waugonga ukatoka, watia mwingine, bila kabari wala msumari.

Shoka letu la jadi limefika pale pale kwa njia iliyo kinyume. Wazee hawakutoboa chuma, bali walitoboa mti: mkia wa shoka huingizwa katika rungu la mpini, na kila pigo huusukuma ndani zaidi. Watu wa nchi mbili zisizojuana walihitaji kitu kimoja, nacho ni mpini unaoweza kubadilishwa porini, usiku, na mtu asiye na duka karibu. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha chombo chochote cha shamba.

Mashoka mengi yanayouzwa leo yameacha kipimo hicho. Umbo lake la mwiba limefuata sana yale aliyotengeneza Mmarekani Peter LaGana kuanzia mwaka 1966 kwa askari wa vita vya Vietnam, ila yale yalikuwa na mpini wa mti. Ya sasa mara nyingi ni kipande kimoja cha chuma tangu kichwani hadi kisiginoni, na pande mbili zimebandikwa plastiki kwa ribiti. Ujue basi ya kuwa mwiba ule haukufikiriwa kwa ajili ya shamba. Tena yako yaliyochorwa mafuvu na kuchongwa meno meno kama ya msumeno mgongoni. Hayo usipoteze wakati kuyapima. Meno yale hayapasui mbao, nayo huchana kiganja cha mwenyewe.

KICHWA

Kwanza, uzito. Shoka la kawaida la kuangushia miti lina kichwa cha kilo moja na nusu hivi, na mpini wa sentimita 70 hadi 90. Haya madogo mara nyingi ni ya sentimita 35 hadi 50, na kichwa chake hakifiki kilo moja. Watu hudhani ya kuwa nguvu ya pigo ni nguvu ya mkono. Kumbe ni uzito wa kichwa pamoja na mwendo wake, na mwendo ndio wenye neno kubwa zaidi. Ukiuzungusha mpini mrefu mara mbili kwa upesi ule ule wa mkono, kichwa hukimbia mara mbili, na nguvu ya pigo huwa mara nne. Hakuna feleji, hata ingekuwa nzuri namna gani, itakayokurudishia nguvu uliyoipoteza kwa ufupi wa mpini.

Ufupi huo una hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Shoka refu likikosa shabaha huenda likaingia ardhini mbele ya miguu yako. Fupi likikosa huja moja kwa moja gotini. Ukikata kwa shoka fupi, piga goti, na gogo liwe mbele yako juu ya gogo jingine, ili pigo likikosa liishie chini.

Pili, chuma chenyewe. Chukua tupa nzuri, uipitishe mara moja juu ya makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimetiwa maji kikawa kigumu mno, nacho kitameguka ukipiga fundo la mti mkavu. Ikila kwa wepesi kama inavyokula msumari, chuma ni laini, na makali yatapinda kabla ya saa sita mchana. Ikila kwa shida kidogo, ikishika na kuachia sawasawa, hapo umepata feleji iliyotiwa maji kisha ikatulizwa kwa moto mdogo, kama ipasavyo. Mwenye duka akikukataza kutia tupa, hiyo nayo ni habari.

Usivutwe na weupe wa chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho ni kizuri kwa sufuria na kwa kisu cha jikoni, lakini mengi ya bei ndogo yaliyotengenezwa kwacho ni laini, tena mhunzi wa kijijini hawezi kukitia maji upya kwa moto wake wa makaa. Shoka lililofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari halina sura ya kupendeza, lakini feleji ya springi hustahimili kupigwa na kupinda, na mhunzi aijua tabia yake. Mara nyingi nimeona shoka la namna hiyo likilishinda la dukani lenye ala ya nailoni.

Tatu, makali. Yatazame kwa mbele, ukilinganisha na mpini kwa jicho moja. Yakiwa yamepinda upande, shoka litateleza juu ya mti kila mara. Kwa miti yetu migumu makali yaliyonolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 yafaa. Membamba kuliko hayo hukata vizuri siku ya kwanza, kisha humeguka. Noa kwa tupa na kinoo. Ukitumia jiwe la mashine, chovya chuma katika maji mara kwa mara, maana makali yakigeuka rangi ya buluu yameungua, na ugumu wake umekwisha.

Nne, upande wa nyuma. Kichwa cha nyundo ni bora kuliko mwiba kwa kazi zote za nyumbani, kwa kuwa hupigia mambo za hema, misumari ya seng'enge na kabari za mti. Lakini usipige kamwe shoka kwa nyundo, wala nyundo kwa shoka. Vyuma viwili vilivyotiwa maji vikigongana hurusha vipande vidogo vyenye mwendo wa risasi, navyo hupofusha. Mwiba una kazi moja ya kweli, nitakayoieleza mbele. Siku nyingine zote humtishia mwenyewe paji la uso kila anapoinua mkono.

MPINI

Mpini wa chuma kitupu hauvunjiki, na muuzaji husifu jambo hilo. Hasemi ya kuwa mshindo wote wa pigo huingia katika kiwiko na bega. Mpini wa mti hunyonya mshindo. Fanya kazi ya saa moja kwa kila mmoja, utajua tofauti bila kuambiwa. Tena chuma kikipinda pale kichwa kinapokutana na mpini, kwa kubanua kuliko nguvu zake, hakinyooki sawasawa tena, na chombo chote kimekufa.

Ukiona lenye tundu na mpini wa mti, tazama nyuzi za mti zinavyokwenda. Zitiririke toka juu hadi chini bila kukatika ubavuni. Zikitoka ubavuni, mpini utapasuka hapo. Mti wa mkole hufaa sana kwa mipini, na mpera pia. Ukate mapema, uuache kivulini hata ukauke, ndipo uchonge. Mpini uliotiwa mbichi hunywea ndani ya tundu, na kichwa hutoka kikaruka. Kuloweka shoka majini usiku kucha ili likaze ni dawa ya siku moja tu, maana mti ukikauka tena hulegea kuliko mwanzo.

SIKU YA MSIBA

Sasa tuje kwenye sifa yake kubwa. Tuseme gogo la mti mbichi, la upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 3, limeulalia mguu wa mtu. Gogo hilo lapata kilo 200. Ukiinua ncha moja, mkononi mwako ni kama kilo 100.

Shoka la uokozi lina urefu wa sentimita 40. Ukitia ncha yake chini ya gogo, na jiwe la kuegemea likiwa sentimita 5 kutoka ncha, zabaki sentimita 35 za kushika. Nguvu yako imezidishwa mara 7. Ukikandamiza kwa kilo 30, ncha yainua kilo 210. Ni vyema, gogo litaondoka! Lakini pima na upande wa pili: ukishusha mkono sentimita 20, gogo limepanda chini ya sentimita 3. Kimo hicho hakitoi mguu, na mkono wako umekwisha kugusa ardhi.

Chukua badala yake mti wa mita 2 na nusu, unene wa sentimita 8, uegemeze juu ya jiwe sentimita 25 kutoka ncha. Nguvu yako yazidishwa mara 9, na ukishusha mkono sentimita 90 gogo limepanda sentimita 10. Mguu umetoka. Basi kazi ya shoka katika uokozi si kubanua, bali ni kukata upesi mti wa kubanulia na kabari za kuzuia. Kila gogo lipandapo vidole viwili, mtu wa pili asukume kabari au jiwe pande zote mbili, ndipo muinue tena. Na mtu yeyote asipeleke mkono chini ya gogo lisilozuiwa. Hiki ndicho kipimo ninachokushauri ukitumie dukani au kwa rafiki aliye nalo: mti mbichi wa unene wa sentimita 8, ukatwe kwa shoka dogo, kisha mwingine kama huo kwa shoka lako la nyumbani, nawe uhesabu mapigo. Hesabu hiyo haina ubishi.

Kwa ukuta ulioanguka, mambo ni mengine. Juu kabisa, mbao na miti ya paa hukatwa kwa shoka, na hapo shoka fupi lina faida ya kweli, maana mtu aweza kulitumia akiwa amejikunja mahali pasipo nafasi ya kuzungusha refu. Lakini ukikaribia mwili wa mtu, weka makali kando, uchimbe kwa mikono na kwa sahani au kipande cha ubao. Na katika tope shoka halina kazi kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 80 wakafa. Katika balaa la namna hiyo hutakiwa sepetu, majembe, kamba, na mbao za kukanyagia ili mwokozi asizame naye.

Kwa motokaa iliyopinduka, hapa ndipo mwiba hupata kazi yake. Vioo vya pembeni vya motokaa nyingi ni vya aina ya kupasuka vipande vidogo vidogo. Piga pembeni ya kioo, chini, wala si katikati, na mwambie aliye ndani afunike macho. Kioo cha mbele kimetengenezwa tabaka mbili zenye utando katikati, hakipukutiki. Usipoteze mapigo hapo. Mkanda wa kiti hukatwa kwa wembe ule uliofichwa, ikiwa upo na ni mkali, lakini kisu kizuri au mundu hufanya kazi hiyo hiyo. Waya wa umeme ulioanguka usiuguse kwa chombo hiki wala kwa kingine, hata kama mpini wake umevikwa mpira; wazuie watu mbali, umeme ukazimwe kwanza.

SHOKA JINGINE LA KUFIKIRIWA

Huko huko Marekani kiko chombo kingine cha kazi nyingi, ambacho naona kingemfaa mkulima zaidi. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910 moto mkubwa uliteketeza misitu ya Idaho na Montana, na wazima moto wengi wakafa. Bwana misitu mmoja, Edward Pulaski, aliwaingiza watu wake zaidi ya 40 katika shimo la mgodi wa zamani, akawazuia wasitoke mpaka moto ulipopita. Wachache walikufa humo, wengi walipona. Baada ya moto ule alitengeneza katika karakana yake chombo chenye shoka upande mmoja na jembe jembamba upande wa pili, nacho kinaitwa kwa jina lake hata leo. Wazima moto wa misitu wangali wakikitumia.

Tazama tofauti. Huyu alikuwa mtu wa kazi, naye aliunganisha kazi mbili ambazo mtu huzifanya kwa saa ile ile na mahali pale pale: kukata mzizi, na kuchimba udongo unaoufunika. Mpini wake ni mrefu, wa mikono miwili. Kwako chombo kama hicho chafungua njia ya moto pembeni ya shamba kabla ya kiangazi, chang'oa visiki, na chachimba mtaro wa maji. Mhunzi mwenye akili aweza kukufulia cha mfano wake ukimchorea umbo. Hakikisha jembe limekingama na mpini, na shoka limelingana nao, na uzito wa pande mbili usipishane sana, la sivyo kitakugeuka mkononi.

KUNUNUA AU KUTONUNUA

Kabla ya kutoa fedha, uliza katika duka hilo hilo bei ya shoka zuri, panga, mtaimbo wa mita moja na nusu, na kamba ya mita 20. Jumlisha, ulinganishe na bei ya shoka la uokozi. Nyumba isiyo na vinne hivyo isinunue tomahoki. Mtaka yote hukosa yote. Mwenye navyo, hasa aendeshaye gari la mizigo, au kikundi cha kijiji kinachoweka vyombo vya msiba mahali pamoja, aweza kulinunua kwa faida, likiwa na kichwa cha nyundo, tundu la mpini wa mti, na feleji iliyopita mtihani wa tupa. Akina mama wanaokwenda kuni peke yao wengi hupendelea shoka jepesi, nao wana haki. Kwa matawi ya unene wa mkono chombo hiki chatosha, na mzigo wake kichwani ni mdogo.

Likiisha kuwa lako, lipake mafuta kichwani kabla ya masika, ulivike makali kipande cha mpira wa gurudumu, na ulitundike nyuma ya mlango, upande wa komeo, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba aweza kulipata gizani na mtoto hawezi kulifikia. Mtaimbo na kamba vikae hapo hapo.